Toa Tatu

Shuleni kwetu Bunda mtoto akiingia kidato cha kwanza, kabla hajalijua vizuri jina la mkuu wa shule, anafundishwa kutoa tatu. Rula zetu zote za mita zinaanzia sentimita ya tatu. Miaka ya nyuma stoo ilivuja, mchwa wakala ncha za rula, na Mwalimu Burito aliyenitangulia akamwita seremala azikate zote sawasawa, maana kuomba rula mpya ilikuwa ni kusubiri mpaka uzeeke. Tangu hapo ukipima kitu unasoma namba, unatoa tatu, unaandika. Shule za jirani wakija kucheza mpira wanatuimbia "Toa tatu! Toa tatu!" Tukifungwa ndo usiseme.

Mimi ndiye mwalimu wa fizikia. Naitwa Debora, kwetu Kiriba, na kutoa tatu kumeshaniingia mwilini. Kuna siku nilipima dirisha la nyumbani kwa futi nzima kabisa ya fundi, nikatoa tatu, pazia likaja fupi, mume wangu akacheka mpaka akakaa chini. Nilikuwaga naisimulia hiyo kama kichekesho. Siku hizi siisimulii.

Kitu kingine ujue kuhusu mimi: hasira zangu ziko karibu. Fimbo siipendi, ila mdomo wangu hauna breki. Ndio ulioniponza. Hapana, niseme vizuri. Mimi nilipona. Aliyeponzwa ni Raya.

Raya Hamduni, wa kidato cha tatu. Baba yake, Mzee Hamduni, ana duka la vitambaa Bunda mjini, mama yake Mwanaupe ndiye anayekaa dukani, na wote wawili walitaka binti yao asome mkondo wa biashara aje alishike duka. Raya akang'ang'ania fizikia. Wakavutana weee, mwisho baba akatoa sharti: kama walimu watamchagua kwenda Musoma kwenye mashindano ya sayansi ya mkoa, atajua kweli mtoto ana kichwa cha hayo mambo, atamwacha abaki. Wasipomchagua, anahamia biashara na hataki kusikia neno.

Kila shule ilikuwa inapeleka mwanafunzi mmoja tu, na mchaguzi nilikuwa mimi. Nilikuwa nimeshamchagua Raya moyoni, bado kuandika. Mwenyewe alinihadithia hilo sharti la baba yake huku anafuta ubao, anacheka, anajua kabisa kwamba ameshabaki.

Mwaka huu mashindano yalikuwa ya kupima mwendo. Mwanafunzi adondoshe kitu, apime muda kwa taima ya kidijitali, halafu akokotoe mvuto wa dunia, ambao kila mtoto wa sayansi anajua jibu lake ni tisa nukta nane. Sisi taima hatukuwa nayo. Tuna saa za kubonyeza kwa kidole, na gololi ikidondoka kutoka urefu wa kiunoni, kidole hakijakaa sawa imeshafika chini. Kwa hiyo majibu yetu yalikuwaga ya ajabu: huyu kapata sita, yule kapata kumi na tano. Hapo ndipo inapoingia kazi ya kupika data.

Unajua kupika data? Unaanzia kwenye jibu. Unarudi nyuma, unatafuta muda ambao ungeleta hilo jibu, unauandika kwenye jedwali na sura ya upole kabisa, kana kwamba umeupima. Na nani aliwafundisha? Mimi. Siyo ubaoni, hapana. Ni ile ya kupita katikati ya meza siku chache kabla ya mtihani, unasema chinichini, "Jibu likikaa vibaya, rudi nyuma ukaliangalie." Watoto wanaelewa upesi vitu kama hivyo.

Nina mwenzangu niliyesoma naye chuo, Mwalimu Chrispin, anafundisha Butiama. Shule yake ilikuwa imepata taima mpya, nikamwomba, akaniazima kwa wiki moja. Akanifungia kila kitu kwenye begi: stendi, sumaku ya umeme ya kushika gololi ya chuma juu, jicho la mwanga la kukaa chini, taima yenyewe yenye namba nyekundu, na rula yake ya mita imekazwa kwenye stendi. Ukibonyeza swichi, sumaku inaachia gololi na taima inaanza hapohapo. Gololi ikikatiza mbele ya jicho, taima inasimama. Kidole hakina kazi. Nilipowaonyesha watoto mara ya kwanza, darasa zima lilisema "Eeeh!" utadhani limeingia goli.

"Sasa hapa hakuna visingizio," niliwaambia. "Mashine haisinzii. Kila mmoja atadondosha kutoka urefu uleule, atasoma muda, atakokotoa. Andikeni mnachokiona. Na msisahau..."

"Kutoa tatuuu!" Darasa zima.

"Haya. Kazi ianze."

Nilisema hivyo kwa mdomo wangu mwenyewe, na nikaridhika.

Wakafanya kwa zamu. Kesho yake nikakusanya majibu, na moyo wangu ukafurahi. Tisa nukta nane. Tisa nukta nane. Tisa nukta saba tisa. Tisa nukta nane. Nikasema kweli, tatizo halikuwa watoto, tatizo lilikuwa vifaa. Nikawa nazungukia meza kifua mbele mpaka nikafika kwa Raya.

Raya alikuwa ameandika tisa nukta moja.

"Hii nini?"

"Ndiyo niliyopata, madam."

"Wenzako wote wamepata tisa nukta nane. Mashine moja, gololi moja. Wewe ulidondosha gololi ya kwenu?"

Darasa likacheka. Mimi kuchekesha darasa nawezaga sana.

"Nimerudia, madam," akasema. "Nimerudia sana. Inakuja hiyohiyo."

"Umerudia saa ngapi? Zamu zenyewe zilikuwa fupi."

"Nilibaki wakati wa chai."

Nikawageukia wenzake. "Nani alimwona amebaki?" Gody, anayekaa naye meza moja, alikuwa anachonga penseli ambayo ilishachongeka. Nikamrudia Raya.

"Muongo wewe. Umedondosha mara moja, umekosea, ukaona uvivu kurudia, sasa unanidanganya machoni."

"Sijadanganya, madam. Labda kuna kitu..."

"Labda nini? Labda dunia inawavuta wenzako kuliko wewe?"

Wakacheka tena. Raya hakulia. Alikuwa ameshika karatasi yake kwa mikono miwili, akasema taratibu, "Mashine ndiyo imesema hivyo, madam."

Basi. Mwalimu mwingine angesikia hapo mtoto anajieleza. Mimi nilisikia mtoto ananijibu.

"Kaa chini," nikamwambia. "Musoma anaenda Gody."

Gody mwenyewe alishtuka mpaka penseli ikamtoka. Nikatoka darasani, nikaliandika jina la Gody, nikampelekea mkuu wa shule kabla hasira hazijapoa, na siku hiyohiyo jina likatumwa Musoma. Nikaenda kunywa chai, na ilikuwa tamu, sitaki kudanganya.

Jumamosi nikairudisha taima Butiama. Chrispin alikuwa na darasa la ziada, akanikaribisha maabara nisubiri amalize. Akaifunga stendi palepale mezani, akamwita binti mmoja, Miriamu, adondoshe gololi. Namba zikaruka, zikasimama. Miriamu akasoma muda, akainama kusoma urefu kwenye rula, akaanza kukokotoa, na mimi kutoka nyuma mdomo ukanitoka wenyewe:

"Toa tatu."

Watoto wote wakageuka. Miriamu akamwangalia mwalimu wake.

"Tatu za nini?" akauliza Chrispin.

"Za rula."

"Rula imefanyaje?"

Nikasogea. Nikainama. Rula ya Chrispin ilikuwa nzima. Sifuri ilikuwa pale juu, chini kidogo ya sumaku, nyeusi, safi, haijaguswa na mchwa wala seremala. Nikapitisha kidole juu yake kana kwamba sijawahi kuona sifuri. Wiki nzima hiyo rula ilikuwa mezani kwangu, na katika darasa zima, mimi nikiwa wa kwanza, hakuna aliyeangalia inaanzia wapi. Sisi rula inaanzia tatu, hatuna mazoea ya kuangalia.

"Debo," Chrispin akaanza kucheka, "usiniambie mmetoa tatu kwenye rula yangu."

"Aa wapi! Nakutania tu."

Miriamu akapata tisa nukta nane. Mimi nikageukia dirishani nikafanya hesabu ileile kwenye kiganja, nikitoa tatu. Ikaja tisa nukta moja. Jibu la Raya lilelile.

Lakini hilo halikuwa baya zaidi. Baya zaidi lilinipata nikiwa nimeshaagana na Chrispin, nimesimama barabarani nasubiri usafiri wa kurudi Bunda. Kama darasa zima lilitoa tatu, darasa zima lilipaswa kupata tisa nukta moja. Sasa zile tisa nukta nane zote zilitoka wapi? Walipika. Mashine iko mbele yao, namba nyekundu zinawaka, wao wakaziacha wakaenda kupika kama nilivyowafundisha. Katika darasa zima mtoto mmoja tu aliandika alichokiona. Huyo ndiye niliyemwita muongo.

Jumapili kanisani nilisimama kwenye kwaya nikawa nafungua mdomo tu, sauti haitoki. Mume wangu akaniuliza kama naumwa, nikasema kichwa. Nikapanga Jumatatu asubuhi niende moja kwa moja kwa mkuu wa shule, nimwambie nimekosea, jina la Gody litolewe, la Raya lirudi, halafu niingie darasani niwaambie watoto. Muda ulikuwepo. Mashindano yalikuwa Ijumaa. Nilifanya mazoezi ya maneno hayo mpaka nikayakariri.

Jumatatu nafika ofisi ya walimu, nakuta Mwanaupe ameketi kwenye benchi na binti yake. Amevaa buibui, hotpoti iko mapajani. Mkuu wa shule naye yupo, walimu wengine wapo.

"Karibu mama Raya," nikasema. "Habari za nyumbani?"

"Nzuri, mwalimu. Tumekuja kwa miguu yetu kukuomba radhi." Akaweka hotpoti chini. "Huyu mtoto kakujibu mbele ya wenzake, na uongo juu. Nyumbani amekataa katakata, eti hajadanganya, hata chakula hakuli. Baba yake akamwambia, mwalimu anakupenda, hawezi kukuonea bure, hebu sema kweli. Wallahi tumemkalia mpaka jana ndio amekubali. Haya, Raya. Sema mwenyewe."

Raya akasimama. "Shikamoo, madam."

"Marahaba."

"Naomba unisamehe. Sikurudia. Nilidanganya."

Mungu wangu. Sijawahi kumsikia yule mtoto akisema uongo, na wa kwanza niliousikia alikuwa ananiambia mimi, kwa ajili yangu, na katika ofisi nzima tuliojua kwamba ni uongo tulikuwa wawili tu.

Nikafungua mdomo. Maneno ya kukariri yalikuwa palepale. Nilitaka kusema, namwapia aliye juu, nilitaka. Lakini mkuu wa shule akawahi: "Hiyo ndiyo adabu. Mwalimu Debora, mtoto amejishusha." Walimu wote wakaniangalia. Nikaona kicheko kitakavyokuwa, mwalimu wa fizikia ametoa tatu kwenye rula nzima. Nikaona jina limeshatumwa Musoma, maelezo, maswali. Nikajiambia nitalisema baadaye, tukiwa wachache. Halafu nikasema, kwa sauti ya upole kabisa:

"Nimekusamehe, Raya. Siku nyingine useme kweli."

Useme kweli! Mimi, jamani. Mimi ndiye niliyemwambia hivyo.

Mwanaupe akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili. "Alhamdulillahi. Mungu akubariki, mwalimu. Basi baba yake kasema sasa ahame kwa amani, aende biashara, hakuna kinyongo. Kila mtu na riziki yake." Akafungua hotpoti, vitumbua, bado vina moto. Walimu wakachangamka. Mimi nikapewa viwili kwenye sahani, wa kwanza, kwa heshima. Nikala kimoja kwa sababu alikuwa ananiangalia.

"Vitamu," nikasema.

Raya alikuwa ananiangalia pia. Kidogo tu. Halafu akaangalia mlango.

Hiyo "baadaye" yangu haikuja. Jumanne nilikuwa na vipindi vingi. Jumatano Raya akahamishia vitabu vyake mkondo wa biashara, nikamwona anapita na begi dirishani kwangu, nikainama nikajifanya natafuta chaki. Alhamisi nikajiambia sasa tutamsumbua Gody bure, mtoto ameshajiandaa. Ijumaa tukaenda Musoma.

Ukumbini kulikuwa na meza za shule zote, kila meza na taima yake ya kuazimwa na waandaaji. Rula zao nzima. Gody akadondosha gololi, akaandika, akakokotoa, akapata tisa nukta nane moja kwa mwandiko wa kupendeza. Majaji wakatikisa vichwa kwa kuridhika. Shule yetu, Toa Tatu, ikatajwa ya pili kwa mkoa mzima. Tukapewa cheti kwenye fremu na tukapigiwa makofi, na mimi nikaitwa mbele nisimame na mwanafunzi wangu, nikasimama.

Baada ya hapo nikampeleka Gody Mwigobero, sokoni pale ziwani, tule samaki kabla ya kurudi. Wanawake walikuwa wanaanua dagaa, wachuuzi wanapigiana kelele, na Gody amekaa mbele ya sato wa kukaanga, ana furaha mpaka anakula na miiba. Mimi wangu nilikuwa namchokonoa tu.

"Gody, taima ilikuandikia ngapi pale?"

"Wapi, madam?"

"Pale mbele ya majaji."

Akafikiri. "Sikuiangalia sana."

"Sasa uliandika nini?"

"Niliandika ule muda unaoleta tisa nukta nane." Alisema hivyo bila aibu yoyote, kama anayekuambia njia ya kwenda stendi ya mabasi. Halafu akaniona sura. "Si ndivyo ulivyotufundisha, madam? Jibu likikaa vibaya urudi nyuma?"

Yeye akaendelea kula, akaona bora anifurahishe zaidi. "Hata Raya tulimwambia arekebishe. Akakataa. Akasema madam kasema tuandike tunachokiona."

"Kwa hiyo alibaki kweli wakati wa chai?"

"Alibaki. Alidondosha weee, mpaka nikamwambia twende chai inaisha."

"Mbona nilipouliza hukusema?"

Gody akaweka kipande cha samaki kwenye sahani. Akanitazama kwa huruma, unajua mtoto anavyomwangalia mtu mzima aliyeuliza kitu cha kijinga.

"Ulikuwa umekasirika, madam."

Nikaenda kunawa mikono ingawa sikuwa nimekula. Nilisimama pale bombani nikalia, nikasema ni moshi wa samaki, maana mama mwenye banda aliniuliza.

Jumatatu mstarini mkuu wa shule akainua kile cheti juu. Wanafunzi wakapiga makofi. Nikamtafuta Raya kwa macho, nikamwona mstari wa biashara, anapiga makofi kama wenzake. Hakuna aliyemlazimisha. Hapo ndipo niliposhindwa. Mstari ulipotawanyika nikamfuata mkuu wa shule ofisini, nikamweleza yote, rula, Butiama, Raya, vitumbua. Nilimweleza mpaka sauti ikakauka.

Akanisikiliza huku anatafuta msumari wa kutundikia cheti.

"Mwalimu," akasema, "yameisha hayo. Mtoto ameshahama, mzazi ameridhika, shule imeshika nafasi ya pili. Unataka turudishe cheti?"

"Nataka niwaambie watoto."

"Waambie nini? Kwamba mwalimu wao hajui kusoma rula?"

"Ndiyo," nikasema. "Hicho hicho."

Akashika nyundo akanigeuzia mgongo. Hakukataza, hakuruhusu.

Nikaenda Butiama nikamwambia Chrispin ukweli. Safari hii hakucheka. Akanipa begi lilelile. Kipindi cha fizikia kilipofika nikaifunga stendi mbele ya darasa, nikatuma kumwita Raya kutoka kwenye kipindi chao cha uhasibu. Akaja, akabisha hodi, akasimama karibu na mlango na daftari lake jembamba la biashara kifuani.

"Sikilizeni," nikasema, nimeishika meza. "Hii rula ni nzima. Inaanzia sifuri. Mimi niliwaambia mtoe tatu. Nilikosea mimi. Aliyefanya nilivyomwambia na kuandika alichokiona alipaswa kupata tisa nukta moja, na aliyepata ni Raya peke yake. Raya hakudanganya. Alirudia. Mimi nilimwita muongo mbele yenu. Na nilijua tangu Butiama, nikamwacha aje aniombe msamaha, nikajifanya nimemsamehe." Nikamgeukia. "Raya, mwanangu, aliyekosa ni mimi. Nisamehe."

Gody alikuwa ameinamia meza.

"Nimekusamehe, madam," akasema Raya. Upesi, kwa adabu, macho chini. Ilikuwa sauti ileile ya ofisini, siku ya hotpoti.

"Leo nitaenda dukani kwenu. Nitamwambia baba yako na mama yako kama nilivyosema hapa. Nitawaomba urudi fizikia."

"Sawa, madam."

"Unataka kurudi?"

"Vyovyote utakavyoona, madam."

Nilitamani anijibu vibaya. Haki ya Mungu, nilitamani anishike shati. Yule mtoto aliyesema "mashine ndiyo imesema hivyo" nilikuwa namtafuta kwenye ile sura na simwoni. Nikajikaza nikamwita mbele.

"Njoo udondoshe wewe. Tufanye upya, wote waone. Hakuna kutoa tatu, hakuna kupika. Andika ubaoni muda utakaouona."

Akaja. Akaweka daftari lake pembeni, akapachika gololi kwenye sumaku, na mkono wake ulikuwa bado unajua kazi. Akabonyeza. Gololi ikadondoka, namba nyekundu zikaruka, zikasimama. Nikampa chaki. Akaipokea kwa mikono miwili, akaenda ubaoni, akainua mkono, halafu akausimamisha. Zile namba zilikuwa zinawaka palepale pembeni yake. Hakuziangalia. Aligeuka akaniangalia mimi usoni, akaangalia kama nimekunja uso au sijakunja, na akaniuliza kwa sauti ya chini, bila kejeli hata kidogo:

"Madam, unataka nipate ngapi?"